Je, hifadhi za utafiti wa afya zinamfaa mwananchi?

"UTAFITI umeonyesha." Maneno hayo mawili siku hizi husikika kila mahali. Utayasikia katika matatu kati ya Embu na Meru, redioni, kwenye mikutano ya chama na katika ujumbe wa simu ambao shangazi amewatumia jamaa wote kwa pamoja. Leo utafiti umeonyesha kwamba majani fulani yanatibu kisukari. Kesho utafiti umeonyesha kwamba miraa haina madhara yoyote, na keshokutwa utafiti mwingine umeonyesha kwamba miraa inaua.

Msomaji afanye nini? Wengi humwamini anayesema kwa sauti kubwa zaidi. Wengine huchoka na kupuuza yote. Njia zote mbili ni za hatari. Mgonjwa wa shinikizo la damu anayeacha dawa zake kwa sababu ya ujumbe wa simu anaweza kupatwa na kiharusi. Naye mzazi anayepuuza kila jambo linaloitwa utafiti huenda akakosa habari ambayo ingemfaa mtoto wake.

Ipo njia ya tatu, nayo ni kuutafuta utafiti wenyewe. Siku hizi unaweza kufanya hivyo kwa simu yako, katika saiba iliyo karibu nawe, au katika maktaba za umma zilizoko katika miji ya Embu na Meru. Hata hivyo, kabla hujaitegemea hifadhi yoyote ya utafiti, ni vyema kuipima kwanza ili ujue kama kweli inakufaa. Makala haya yanakueleza namna ya kufanya hivyo.

HIFADHI HIZI NI NINI?

Hifadhi ya utafiti, ambayo wataalamu wa kompyuta huiita hifadhidata, ni kama kabati kubwa la maktaba. Ndani yake mna kumbukumbu za makala yaliyochapishwa na watafiti katika majarida ya tiba. Kila kumbukumbu huonyesha majina ya waandishi, jarida, mwaka, na mara nyingi muhtasari wa yale waliyoyafanya na waliyoyapata.

Inayojulikana zaidi ni PubMed, inayoendeshwa na Maktaba ya Kitaifa ya Tiba ya Marekani. Ilianza kwa majaribio mwaka wa 1996 na kufunguliwa kwa watu wote bila malipo mwaka wa 1997. Sasa ina kumbukumbu zaidi ya milioni 35. Huhitaji kujisajili wala kulipa ili kusoma muhtasari. Mtu akikudai pesa ili akufungulie PubMed, elewa kwamba unalaghaiwa.

Zipo nyingine pia. AJOL, iliyoanza mwaka wa 1998, hukusanya majarida yanayochapishwa barani Afrika. Hinari, iliyoanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2002, huziwezesha taasisi za nchi zenye mapato ya chini kupata majarida ya bei ghali. Hii huingiwa kupitia chuo au hospitali iliyosajiliwa, wala si na mtu binafsi. Shirika la Cochrane, lililoanzishwa mwaka wa 1993, hukusanya tafiti nyingi za jambo moja, huzipima kwa pamoja, kisha huandika pia muhtasari kwa lugha nyepesi. Vilevile kuna MedlinePlus, ya maktaba ile ile ya Marekani, iliyoandikwa kwa ajili ya wagonjwa na familia zao. Hiyo ina baadhi ya maelezo kwa Kiswahili.

MFANO WA EMBU: CHAKULA CHA MTOTO WA SHULE

Njia nzuri ya kupima hifadhi ni kuipa kazi inayokuhusu. Tuchukue swali la mzazi yeyote: Je, kuongeza nyama au maziwa katika githeri ya mtoto kunamsaidia shuleni?

Swali hilo lilichunguzwa papa hapa Embu. Mwaka wa 1998, watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles na wenzao wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakiongozwa na Profesa Charlotte Neumann na Profesa Nimrod Bwibo, walianza kazi katika shule 12 za msingi eneo la Kyeni, upande wa Runyenjes. Shule ziligawanywa katika makundi manne kwa kubahatisha, kama kupiga kura, na watoto wa darasa la kwanza wakafuatiliwa kwa takriban miaka miwili.

Kundi moja lilipewa githeri iliyotiwa nyama. La pili lilipewa githeri pamoja na gilasi ya maziwa. La tatu lilipewa githeri iliyoongezwa mafuta, ili nguvu mwilini ziwe sawa na za makundi mengine mawili. La nne halikupewa chakula shuleni. Familia za watoto hao zilipewa mbuzi wa maziwa utafiti ulipokwisha.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2003 katika jarida la lishe la Marekani. Watoto waliokula nyama waliongeza misuli ya mkono kuliko wenzao, na waliendelea vizuri zaidi katika mtihani wa kutambua mpangilio wa michoro, ambao hupima uwezo wa kufikiri. Maziwa yalisaidia kimo cha wale waliokuwa wamedumaa. Nyama na maziwa yote yaliongeza vitamini B12 mwilini.

Watoto wale wa darasa la kwanza sasa ni watu wazima, na bila shaka wengi wao wana watoto wanaowafungia chakula cha shule kila asubuhi. Basi swali la kupima PubMed ni hili: Je, mzazi wa Kyeni anaweza kuupata utafiti uliofanywa kijijini kwake na kuuelewa?

Kuupata si vigumu, mradi uandike kwa Kiingereza. Ukiandika jina la Embu pamoja na maneno ya Kiingereza yenye maana ya watoto wa shule, nyama na maziwa, makala hayo hujitokeza. Ukiandika kwa Kiswahili, utatoka mikono mitupu. Hapo ndipo penye kasoro ya kwanza. Ya pili ni kwamba muhtasari umeandikwa kwa lugha ya wataalamu, umejaa tarakimu na vifupisho. Mzazi aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuufikia ukurasa sahihi, akausoma hadi mwisho, na bado asijue ampe mtoto nini.

MFANO WA MERU: JINA MOJA HALITOSHI

Sasa tupande hadi Nyambene tuulize kuhusu miraa. Hili ni jambo la riziki na la afya kwa wakati mmoja. Uingereza ilipiga miraa marufuku mwezi wa Juni 2014, na soko la wakulima wa Igembe likapata pigo kubwa. Mwezi wa Mei 2024, kaunti za Mombasa na Kilifi zilitangaza kupiga marufuku muguka unaotoka Embu, na jambo hilo likaishia mahakamani. Katika mabishano kama hayo neno "utafiti" hurushwa huku na huku kama mpira.

Ukiandika "miraa" pekee katika PubMed, huenda ukapata sehemu tu ya yaliyoandikwa. Sababu ni kwamba mmea huu una majina mengi. Waingereza na wengi wa watafiti huandika khat, Waarabu husema qat, Waethiopia huuita chat, na jina lake la kisayansi ni Catha edulis. Anayetafuta kwa jina moja huenda akapata jibu nusu, naye akafikiri kwamba amemaliza kazi. Dawa yake ni kuandika majina yote, ukiyatenganisha kwa neno OR kwa herufi kubwa, ambalo huiambia kompyuta ikubali lolote kati ya hayo.

Ukifanya hivyo utagundua jambo la pili: sehemu kubwa ya utafiti imefanywa Yemen na Ethiopia. Hiyo si kusema haituhusu, lakini ni lazima msomaji ajiulize kama watu waliochunguzwa wanatafuna kiasi kile kile, kwa muda ule ule, na kama majani yao ni mabichi kama yetu. Kemikali kuu ya miraa, kathinoni, hupungua nguvu majani yanaponyauka. Ndiyo sababu miraa hufungwa kwa majani ya ndizi na kukimbizwa sokoni.

Jambo la tatu ni kwamba hifadhi haikupi jibu moja. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliichunguza miraa mwaka wa 2006 na hawakupendekeza iwekwe chini ya sheria za kimataifa za kudhibiti dawa za kulevya. Hata hivyo, tafiti zimeonyesha kwamba kuitafuna huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na kuondoa usingizi. Kauli hizi mbili hazipingani. Ya kwanza inahusu sheria za mataifa. Ya pili inahusu mwili wa anayetafuna. Mwenye shinikizo la damu asiitumie ya kwanza kujifariji.

KUPATIKANA SI KUTHIBITISHWA

Kosa kubwa la watumiaji wengi ni kudhani kwamba makala yakiwa katika PubMed basi ni ya kweli. Wenyewe wenye maktaba hiyo wanatangaza wazi kwamba kuweka makala humo si kuyaunga mkono. Kabati la maktaba hubeba vitabu vizuri na vibovu.

Mfano maarufu ni makala yaliyochapishwa mwaka wa 1998 katika jarida la Lancet la Uingereza, ambayo yalihusisha chanjo ya surua na tatizo la usonji. Yalitokana na watoto 12 tu. Mwaka wa 2010 jarida hilo liliyafuta. Ukiyatafuta leo utayapata, lakini PubMed imeweka tangazo la kuonyesha kwamba yamefutwa. Hiyo ni sifa nzuri ya hifadhi hii, na ni jambo la kuangalia unapoipima nyingine yoyote: Je, makala yakifutwa, msomaji anaambiwa? Anayesambaza picha ya ukurasa kwa simu hawezi kukuonyesha tangazo hilo. Ukifungua hifadhi yenyewe utaliona.

Aidha, elewa kwamba PubMed hukupangia kwanza makala yanayolingana zaidi na maneno uliyoandika. Ya juu si lazima yawe bora kuliko ya chini.

Ni vyema pia kutambua aina ya utafiti. Mkulima anaelewa jambo hili bila shida. Jirani akikuambia kwamba muhindi wake mmoja ulizaa sana baada ya kuumwagia majivu, hiyo ni hadithi ya mmea mmoja. Katika tiba huitwa ripoti ya mgonjwa mmoja. Ukizunguka kijiji kizima siku moja ukihesabu ni nani anatumia majivu na ni nani ana mavuno mazuri, umepata uhusiano, lakini huenda wanaotumia majivu ndio pia wenye maji ya kunyunyizia. Vivyo hivyo, wanaotafuna miraa huenda pia wanavuta sigara na kukesha, na utafiti wa siku moja hauwezi kutenganisha mambo hayo kwa urahisi. Lakini ukigawa shamba moja katika vipande, ukapiga kura ni kipi kipate majivu na ni kipi kikose, ukavipima mwisho wa msimu, una ushahidi wenye nguvu zaidi. Hivyo ndivyo ilivyofanywa Kyeni. Na ushahidi hupata nguvu zaidi pale majaribio mazuri kama hayo kutoka mashamba mengi yanapokusanywa na kupimwa pamoja, ambayo ndiyo kazi ya Cochrane.

JIPIMIE MWENYEWE

Wataalamu wa kompyuta wana njia zao za kupima kama chombo kinatumika kwa urahisi. Mojawapo ni orodha ya kauli 10 iliyotungwa na John Brooke nchini Uingereza mwaka wa 1986. Mtumiaji hueleza anakubaliana na kila kauli kwa kiasi gani, kisha majibu hujumlishwa kuwa alama kati ya 0 na 100. Alama 68 huchukuliwa kuwa ya wastani. Lakini alama hiyo hueleza tu mtumiaji anavyojisikia. Haielezi kama aliyoyaelewa ni sahihi, na katika mambo ya afya hilo ndilo muhimu.

Unaweza kufanya jaribio lako nyumbani, chuoni au katika kikundi cha akina mama. Fanya hivi:

1. Chagua swali moja la kweli, ambalo jibu lake tayari limejulikana. Lile la githeri linafaa.

2. Tafuta watu watatu au wanne wasiofanana: mwanafunzi, mzazi, mzee anayevaa miwani, na mhudumu wa afya ya jamii.

3. Mpe kila mmoja simu anayoitumia kila siku, si kompyuta ya ofisini. PubMed ilibadilishwa sura mwaka wa 2020 ili ikae vyema kwenye skrini ndogo, lakini hifadhi nyingine bado ni taabu kuzisoma kwa simu.

4. Mwombe aseme kwa sauti anachofikiri anapotafuta. Wewe nyamaza. Usimwonyeshe mahali pa kubonyeza, hata akihangaika. Anapokwama ndipo penye habari unayoitaka.

5. Andika maneno aliyotumia, dakika alizochukua, mahali alipokwama, na kama alikutana na mlango wa kulipia. Makala mengi huonyesha muhtasari bure, lakini makala kamili huuzwa kwa dola. Ipo alama ya kuchuja yale yasomekayo bure; angalia kama ameiona.

6. Mwishowe, mwambie afunge simu na aeleze kwa Kimeru, Kiembu au Kiswahili aliyoyapata, na angefanya nini kutokana nayo.

Hatua hiyo ya sita ndiyo mizani ya kweli. Mtu akiupata ukurasa kwa dakika mbili lakini akaeleza kinyume cha yaliyoandikwa, hifadhi imeanguka mtihani, hata kama mwenyewe anaisifu. Akichukua dakika 20 lakini akatoka na jibu sahihi pamoja na mipaka yake, hifadhi imefaulu, ingawa kwa taabu.

HUKUMU

Kwa mwananchi wa kawaida, PubMed ni nzuri kwa mambo manne: ni bure, haidai usajili, inafunguka kwenye simu, na inaonya makala yanapofutwa. Ni dhaifu kwa mengine manne: inadai Kiingereza, muhtasari wake ni mgumu, haipangi makala kwa ubora, na inakuachia wewe kazi ya kupatanisha tafiti zinazotofautiana. Iliundwa kwa ajili ya madaktari na watafiti, na hilo huonekana.

Kwa hivyo, usianzie hapo. Anza na MedlinePlus ili upate maelezo ya ugonjwa kwa lugha nyepesi. Kisha tazama muhtasari mwepesi wa Cochrane, ukijua kwamba si kila swali lina jibu huko. Nenda PubMed au AJOL unapotaka kuhakikisha kwamba utafiti uliotajwa upo kweli, au unapotaka kujua kama umefanywa hapa kwetu. Ikiwa Kiingereza kinakushinda, mwombe mwanafunzi wa chuo au mkutubi akusaidie. Hilo si jambo la aibu.

Ukisikia tena kwamba utafiti umeonyesha, uliza maswali matano: Ulifanywa na nani? Wapi, na mwaka gani? Watu wangapi walichunguzwa? Walilinganishwa na nani? Na je, umefutwa? Anayetangaza dawa sokoni asipoweza kujibu hata swali moja, weka pesa zako mfukoni.

Hatimaye, kumbuka kwamba hifadhi haikujui. Haijui umri wako, uzito wako, dawa nyingine unazomeza, wala kama u mjamzito. Kwa sababu hiyo, usiache dawa, usibadilishe kipimo chake, wala usianze mpya kutokana na ulichosoma peke yako. Nakili jina la makala na mwaka wake, uende nayo kliniki, na umuulize daktari, afisa wa kliniki au muuguzi: "Je, haya yananihusu mimi?" Mhudumu mzuri hatakasirika. Atafurahi kwamba umekuja na swali mkononi, na mtalizungumza pamoja.